Afundishwe Kuzungumza au Aongezewe Mwenzake? Mjadala Kuhusu Mtumishi wa Afya na Maisha ya Mgonjwa

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Muuguzi na tabibu wa Tanzania hufundishwa kwa miaka kadhaa namna ya kupima, kuchoma sindano na kuandika dawa, lakini ni sehemu ndogo tu ya masomo hayo inayowaandaa kuzungumza na mtu ambaye ugonjwa wake unategemea mambo anayoyafanya nyumbani kwake kila siku. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na kwamba takriban asilimia 9 ya watu wazima wana kisukari. Haya huitwa magonjwa yasiyoambukiza, kwa kuwa hayapitishwi na vimelea kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hayaishi kwa dozi ya siku saba, bali humfuata mgonjwa jikoni, kazini na arusini. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya mtindo wa maisha, yaani maongezi mafupi ya makusudi kuhusu chakula, chumvi, pombe, tumbaku na kuushughulisha mwili, ni sehemu ya tiba yenyewe, na sehemu ya tiba haiwezi kuachiwa kipaji cha mtumishi aliyejaliwa ulimi mzuri.

MGANGA MFAWIDHI WA KITUO CHA AFYA: Hakuna anayepinga kwamba mazungumzo ni tiba, kinachopingwa ni dhana kwamba kilichokosekana ni ujuzi. Siku ya kliniki ya presha na kisukari watu hufika tangu alfajiri wakiwa hawajatia kitu mdomoni, kwa kuwa kipimo cha sukari cha asubuhi hutaka tumbo tupu. Muuguzi mmoja hufunga mashine ya presha mkononi, mwingine, kama yupo, hutoboa vidole, kisha kila jina lazima liingie kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo ndivyo msimamizi kutoka halmashauri huvifungua kwanza anapokuja. Mapitio ya tafiti kutoka nchi 67 yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika nchi 18, zenye takriban nusu ya watu wote duniani, mgonjwa hukaa na daktari dakika tano au pungufu. Hata Marekani, hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba daktari wa ngazi ya msingi mwenye wagonjwa 2,500, akitaka kufuata miongozo yote anayopewa, atahitaji saa 26.7 kwa siku moja. Mwongozo mmoja ukiongezwa juu ya hiyo haumpi mgonjwa chochote, bali humwongezea mtumishi hatia.

MWAKILISHI WA WAGONJWA: Kwa heshima zote kwa Daktari, dakika anazosema hazipo tayari zinatumika kuzungumza. Kabla kliniki haijaanza lipo darasa la asubuhi, ambapo muuguzi husimama mbele ya mabenchi na kusoma orodha ya vyakula vilivyokatazwa, huku nusu ya wanaosikiliza wakikodolea macho mlango wa maabara wasije wakapitwa na majina yao. Baadaye chumbani mgonjwa huambiwa apunguze chumvi, aache mafuta, afanye mazoezi na arudi baada ya mwezi. Maneno hayo huchukua chini ya nusu dakika na husemwa mwezi hadi mwezi kwa mtu yule yule, bila kujali kwamba huyo anayeambiwa apunguze chumvi hapiki mwenyewe, au anapikia watu wanane ambao saba kati yao hawana presha, au ni dereva wa bodaboda anayekula kwa mama lishe mchana na chipsi mayai usiku. Kisha anapoonekana hajabadilika, huitwa mbishi.

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Hapo ndipo mafunzo yanapoingia, kwa sababu kuamuru na kuzungumza ni kazi mbili tofauti. Mwanasaikolojia wa Marekani William R. Miller, alipokuwa akifanya kazi na watu wenye uraibu wa pombe huko Bergen, Norway, alitambua kwamba mgonjwa anayesukumwa hujitetea, na kwamba kila anapojitetea husikia kwa masikio yake mwenyewe sababu za kutobadilika. Makala yake ya mwaka 1983, na kitabu alichoandika pamoja na Stephen Rollnick mwaka 1991, vilizaa njia inayoweza kuitwa mahojiano ya kuamsha nia, ambapo mtumishi huuliza kwa namna itakayomfanya mgonjwa mwenyewe azitamke sababu za kubadilika na hatua anayoiweza. Watafiti wa Southampton, Uingereza, waliifupisha kazi hiyo kwa ajili ya watumishi wenye muda mchache, wakawafundisha kuuliza maswali ya wazi yanayoanza na "nini" na "vipi", kusikiliza kuliko kuelekeza, na kumsaidia mtu ajiwekee lengo dogo.

Mfano wa zoezi la darasani unaweza kuonyesha tofauti. Mama wa Pwani mwenye presha ya 168 kwa 98 hakatazwi chumvi, bali huulizwa chungu chake kinaungwa vipi. Anajibu kwamba chumvi ya kutia kwa kijiko ameshaipunguza tangu mwaka jana, ila mboga ya nyumbani ni ng'onda na papa mkavu, kwa sababu samaki mbichi hawashikiki kwa bei na jokofu hakuna. Muuguzi asiyefundishwa angesema samaki wa chumvi waachwe, na mazungumzo yangeishia hapo. Aliyefundishwa huuliza ng'onda hao hutayarishwaje kabla ya kupikwa, na mama mwenyewe husema kwamba marehemu bibi yake alikuwa akiwaloweka tangu usiku na kumwaga maji mara mbili, ila siku hizi kwa haraka huwasuuza tu. Lengo la mwezi huo limeshapatikana, limetoka kwa mwenye chungu, na halimo kwenye bango lolote la ukutani.

MGANGA MFAWIDHI: Mfano ni mzuri, lakini Mkufunzi ameitaja Southampton bila kumalizia habari yake. Mafunzo hayo yalitolewa kwa watumishi wa vituo vya watoto viitwavyo Sure Start, ambavyo vilikuwa vikiwahudumia kina mama wa mitaa yenye kipato kidogo. Watumishi walibadilika kweli, na baada ya mwaka mmoja walikuwa bado wanauliza maswali ya wazi zaidi ya wenzao ambao hawakufundishwa. Lakini chakula cha kina mama wenyewe kilipopimwa hakikuonekana kuwa bora kuliko cha kina mama wa eneo la kulinganishia. Kilichopatikana ni kwamba hisia yao ya kuwa na usemi juu ya maisha yao ilipungua kwa kiasi kidogo kuliko kwa wenzao. Kwa lugha nyepesi, mafunzo yalimbadilisha aliyefundishwa, na mlengwa akabaki na sahani yake ile ile. Halmashauri inayochagua kati ya kununua mashine za presha na kuendesha semina inapaswa kuelezwa matokeo hayo kabla haijatia saini.

(Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa upande wa upinzani, na wanaotetea mafunzo huipita haraka mno. Haifai kujibiwa kwa kutaja faida nyingine zisizohusiana nayo.)

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Matokeo ya Southampton hayakanushiki. Hata hivyo hayapaswi kusomwa peke yake, kwa kuwa tabia hazifanani na si zote zinazoyumba kwa nguvu moja. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti wa London ambapo madaktari wa kawaida waliwashauri wavutaji wa sigara waache, wakawapa kipeperushi na kuwaambia kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja asilimia 5.1 ya waliopata huduma hiyo walikuwa wameacha tangu mwezi wa kwanza, wakati kwa wale ambao hawakuambiwa kitu ilikuwa asilimia 0.3. Mtu anaweza kusema asilimia tano ni kidogo, lakini ni maneno ya dakika moja au mbili ya daktari ambaye mgonjwa alikuwa tayari ameketi mbele yake. Kuhusu uzito wa mwili, utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Paul Aveyard na kuchapishwa mwaka 2016 uliwahusisha watu 1,882, na daktari alitumia sekunde 30 tu mwishoni mwa maongezi. Waliopewa nafasi ya kujiunga na kundi la kupunguza uzito walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2.43 baada ya mwaka, na walioambiwa tu kwamba kupungua kutawafaa walipungua kilo 1.04.

MGANGA MFAWIDHI: Tofauti ya takwimu hizo mbili za mwisho ndiyo hoja yenyewe. Makundi yote mawili yalisikia sauti ya daktari. Kundi lililopungua zaidi ndilo lililopewa mahali pa kwenda, yaani programu ya wiki kumi na mbili isiyomgharimu mgonjwa. Zahanati ya kijijini itamwelekeza mtu wapi? Hakuna kundi, hakuna mtaalamu wa lishe karibu, na mara nyingine hata kidonge cha presha kimekwisha, kwa hiyo mgonjwa aliyeulizwa kwa upole malengo yake ya mwezi hutoka chumbani, akafika dirisha la dawa, akaandikiwa akanunue duka la nje. Mazungumzo mazuri yanayotangulia dirisha tupu hayamjengi mtu imani na kituo.

MCHUMI WA AFYA: Mjadala unabanwa mno ndani ya chumba cha kliniki, wakati sehemu kubwa ya mambo yanayopandisha presha ya wananchi huamuliwa nje ya chumba hicho. Afrika Kusini haikusubiri kila muuguzi ajue kuuliza maswali ya wazi: kuanzia Juni 2016 sheria iliweka ukomo wa chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani, na Aprili 2018 kodi ya vinywaji vyenye sukari ikaanza kutozwa. Hatua za namna hiyo humfikia hata mtu asiyekanyaga kliniki, na hazimtaki awe na nia, muda wala ujasiri. Ni busara kuuliza kama fedha na kelele zinazotumika kumhimiza mgonjwa mmoja mmoja hazigeuki kuwa kisingizio cha kuahirisha sheria ambazo wenye viwanda hawazipendi.

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Kwa sukari ya chupa na kwa sigara, Mchumi yuko sahihi kabisa. Kwa chumvi, hoja hiyo haiwezi kuhamishwa ilivyo. Nchini Uingereza takriban robo tatu ya chumvi anayokula mtu huwa imeshatiwa kiwandani kabla chakula hakijafika nyumbani, hivyo sheria ya kiwanda hugusa sehemu kubwa. Kwenye kaya nyingi za vijijini Afrika Mashariki, chumvi hutiwa na mkono wa mpishi, au huja na samaki aliyekaushwa na jirani. Hakuna mkaguzi atakayesimama juu ya chungu hicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na njia ya kuufikisha ukomo huo jikoni ni mtu kuzungumza na mtu.

MCHUMI WA AFYA: Njia nyingine imeshajaribiwa. Katika vijiji 600 vya China, watu wapatao 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au waliofikisha umri wa miaka 60 wakiwa na presha isiyodhibitiwa, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa bure chumvi mbadala, yaani chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya kloridi ya sodiamu, na vingine vikaendelea na chumvi ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, wakati watu wakipika kama walivyozoea. Kilichobadilika ni pakiti, na pakiti haihitaji semina.

MWAKILISHI WA WAGONJWA: Pakiti hiyo haipo kwenye genge la kijijini, na ikifika leo itauzwa ghali kuliko chumvi ya kawaida. Zaidi ya hayo, utafiti huo uliwaacha nje watu wenye ugonjwa mkubwa wa figo, kwa sababu potasiamu ikizidi katika mwili usioweza kuitoa husumbua mapigo ya moyo. Kisukari cha muda mrefu huharibu figo, na wenye kisukari ndio hao hao wa kwenye benchi la kliniki. Kabla ya pakiti kuingia jikoni, lazima mtu amuulize mama huyo habari za figo zake, dawa anazomeza, na watu wanaokula chungu kimoja naye. Mchumi ameondoa mazungumzo kupitia mlango wa mbele na yamerudi kupitia uani.

Hata hivyo upande wa Mkufunzi nao usishangilie mapema. Kuna hatari ambayo haijatajwa. Mgonjwa anayewekewa lengo, hata kama amelitamka mwenyewe, huondoka na deni. Akirudi mwezi ujao presha haijashuka, ataonekana ndiye aliyeshindwa, ingawa labda ni kidonge kilichokosekana au mvua iliyoharibu bustani ya mboga. Suala la unene ni gumu zaidi. Mahali pengi mtu aliyenenepa husifiwa kwamba maisha yamemkubali, na tangu miaka ya ukimwi mtu anayepungua ghafla hutazamwa kwa wasiwasi. Mwanamke aliyepunguza kilo nne kwa jitihada yake hulazimika kuwaeleza mawifi na majirani kwamba haumwi. Je, mafunzo yanamwandaa muuguzi kwa swali hilo, au yanamfundisha kushangilia mizani tu?

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Mafunzo yanayostahili jina hilo hukutana na swali hilo siku ya kwanza, kwa sababu anayeuliza "nini kitakuwa kigumu?" huambiwa habari za mawifi, na anayetoa amri haambiwi. Lawama hailetwi na mazungumzo. Ilikuwapo kabla, ndani ya neno "mbishi". Vilevile nchi hii haianzi sifuri. Ushauri nasaha wa virusi vya ukimwi uliwafundisha maelfu ya watumishi kukaa na mtu kabla ya kipimo na baada yake, kutunza siri, na kutohukumu. Kampeni ya taifa ya upimaji wa hiari ya Julai 2007, ambayo Rais Jakaya Kikwete aliizindua kwa kupimwa hadharani, ilikuta tayari kuna watu wanaojua kuzungumza. Itakuwa ajabu stadi hizo zibaki kwenye chumba kimoja cha kituo, ilhali chumba cha pili wanagombezwa wenye kisukari.

MGANGA MFAWIDHI: Historia hiyo ina funzo la pili. Ushauri nasaha ulisimama kwa sababu ulikuwa na fedha za wafadhili, vyumba vyake na washauri wake. Upimaji ulipoanza kutolewa kwa kila anayefika kituoni, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka huo huo wa 2007, maongezi ya kabla ya kipimo yalifupishwa yakawa taarifa ya haraka, kwa kuwa foleni ndiyo iliyoamua. Foleni hushinda semina siku zote. Na kwa kuwa ukweli lazima usemwe, semina zenyewe zina ugonjwa wake: huchukua watumishi wawili kati ya wanne kwa siku tano, huwapeleka hotelini mjini, huwalipa posho, na aliyechaguliwa si lazima awe yule anayekaa chumba cha presha, kwani huenda zamu ya posho ilikuwa yake. Akirudi hakuna anayemsikiliza akizungumza na mgonjwa ili amrekebishe. Cheti kinabandikwa ukutani.

MCHUMI WA AFYA: Kwa gharama, hilo linaelekeza kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwapata 137,294 katika miaka mitano. Wao huenda nyumbani, hukiona chungu kwa macho, na hawana foleni nyuma ya mlango. Kama kuna fedha ya kufundisha mazungumzo, mahali pake ni huko.

MWAKILISHI WA WAGONJWA: Ndiyo, kwa sharti kwamba heshima ya nyumba za watu itiwe kwenye mafunzo hayo. Kijana wa mtaani akiingia uani kwa mzee wa miaka sabini, akaamkia vizuri kisha akaanza kumhoji kiasi cha pombe anachokunywa mbele ya wajukuu, atakuwa ameuliza swali la wazi na kumvunjia mtu staha. Pia lazima ikubaliwe kwamba wapo wagonjwa, hasa watu wazima, wanaotarajia mganga aseme, na akianza kuwauliza wao wanaonaje huingiwa na shaka kwamba hajui. Njia iliyotoka Bergen au Southampton haitafika Kilwa ikiwa na sura ile ile.

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Marekebisho hayo yanapokelewa yote. Mgonjwa anayetaka kuambiwa aambiwe, ila aombwe ruhusa kwanza, apewe maelezo mawili matatu, kisha aulizwe ameyachukuliaje. Na kuhusu hoteli na posho, upande huu hauna cha kutetea. Mafunzo yanaweza kufanyika kituoni penyewe, nusu saa kila wiki, mtumishi mmoja akizungumza na mgonjwa aliyeridhia na mwenzake akisikiliza, kisha wawili hao wakakaa kujadili kilichosikika. Kipimo chake kisiwe idadi ya vyeti. Mgonjwa anapotoka aulizwe mambo mawili: chumbani ameulizwa nini, na anakwenda kujaribu nini.

MGANGA MFAWIDHI: Hilo linazungumzika, na ni mara ya kwanza upande huo kuleta pendekezo lisilomwondoa mtu kituoni. Lakini nusu saa ya kila wiki kwa kituo ambacho ikama yake, yaani idadi ya watumishi kinayostahili kuwa nayo, haijajazwa ni nusu saa inayochukuliwa kutoka kwa mgonjwa fulani. Itakatwa kwenye kazi gani?

MWAKILISHI WA WAGONJWA: Ikatwe kwenye darasa la asubuhi. Wagonjwa watalikubali pengo hilo.

MGANGA MFAWIDHI: Darasa la asubuhi ndilo ambalo kituo huulizwa na msimamizi anapokuja kukagua elimu ya afya, kwa kuwa ndilo linaloweza kuhesabiwa kwa vichwa. Muuguzi aliyezungumza na watu sita kwa dakika tano tano ataonekana amefanya kazi ndogo kuliko aliyesomea mabenchi yenye watu themanini. Halmashauri ikubali kwa maandishi kwamba mazungumzo ya watu sita yahesabiwe, na siku ya kliniki iongezwe mtumishi mmoja tu. Hapo Mkufunzi aje na wanafunzi wake, na mlango wa chumba cha presha utafunguliwa.

MKUFUNZI WA WAUGUZI: Barua ya halmashauri inaweza kuombwa wiki hii. Mtumishi wa ziada hawezi kuahidiwa na mkufunzi, na kama kituo kitasubiri ikama ijae ndipo kianze kuuliza maswali, mama wa ng'onda atasubiri pamoja nacho.

MGANGA MFAWIDHI: Basi barua ije kwanza.